Jani la Isale kwa Elinipendo

Mtu akija nyumbani kwako ameshika jani la isale, lile la Wachagga la kuombea msamaha, hana haja ya kupiga hodi. Mbwa watambwekea, majirani watamchungulia, lakini mwenye mji hawezi kumfukuza, hata kama aliapa kwamba mtu huyo akikanyaga tena uwanjani kwake atamvunja miguu. Na Mzee Elisaria alikuwa ameapa hivyo hivyo, Jumatatu ya Pasaka, mbele ya wazee wenzake wa usharika.

Ndiyo maana Jumatano ile ya Septemba, mwaka 2000, Melkior alipotokeza kwenye njia ya migomba akiwa amelishika jani refu la kijani kwa mikono miwili, Mzee Elisaria alibaki ameduwaa na beseni la kahawa mbivu mikononi. Alifungua mdomo kufoka. Akaliona lile jani. Akaufunga.

"Shikamoo, mzee," Melkior alisema.

"Marahaba," mzee alijibu, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa chungu. "Isale hilo ni la nani?"

"La Elinipendo, mzee."

Elinipendo alikuwa pembeni ya nyumba, anazungusha mkono wa mashine ya kumenyea kahawa, vidole vimemnata kwa ute na kanga imelowa mpaka magotini. Alipomwona kijana wake moyo ulimruka. Kwa kweli alijua aibu ni kitu gani, lakini siku hiyo hakuikumbuka. Melkior alikuwa amevaa shati lake jeupe la kazini, lile analovaa dukani mjini Moshi anakofundisha watu kompyuta, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha. Masikini ya Mungu, Elinipendo aliwaza, yote haya kwa ajili ya Jumapili!

Jumapili walikuwa wamegombana. Ugomvi wenyewe ulikuwa ule ule wa siku zote, kwamba harusi ifungwe wapi, Kidia kwa Walutheri au Kibosho kwa Wakatoliki. Melkior alikuwa ameinuka bila kumaliza soda yake na kuondoka bila kuaga. Elinipendo alinuna Jumatatu nzima, Jumanne akaanza kummisi, akamfuata dukani, lakini ugomvi hawakuugusa.

Mzee Elisaria alimsogelea binti yake, akamnong'oneza kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye banda la ng'ombe. "Mwanangu, niambie sasa hivi kabla sijasikia kwake. Una mimba?"

"Baba!"

"Kijana haji na isale kwa binti kwa ajili ya kumkanyaga kidole."

"Sina mimba, baba. Tuligombana tu. Ni mambo yetu."

"Basi uliza kosa kwanza. Usipokee mpaka uulize kosa."

Lakini nani aliwahi kumfundisha binti wa miaka ishirini na moja, aliyependa mpaka akapenda tena, kuuliza kwanza? Elinipendo aliifuta mikono yake kwenye kanga, isitakate, akaenda kwa Melkior anacheka. Macho yao yakakutana, ya Melkior yakainama haraka. Kijana alipiga goti moja kwenye udongo.

"Nimekukosea," alisema. "Naomba unisamehe."

"Inuka bwana, utachafua suruali," Elinipendo alisema, na akalipokea jani. Likamnata vidoleni kwa ute wa kahawa. "Nimekusamehe. Na harusi ifungwe hata Kibosho, yamekwisha."

"Elinipendo!" baba yake alifoka. "Nimekwambia uulize!"

Melkior hakuinuka. Aliingiza mkono ndani ya shati, akatoa bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili, akamnyoshea.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, ili isionekane kwamba bahasha moja inaweza kumwua mtu akiwa amesimama.

Mwezi wa tatu mwaka ule, Elinipendo na Melkior walikaa kwenye meza ya duka lile la kompyuta, karibu na Mnara wa Saa, wakajaza fomu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya shahada ya sayansi ya kompyuta, Dar es Salaam, miaka mitatu. Ya pili ilikuwa ya stashahada, chuo kidogo cha pale pale Moshi, miaka miwili, unalala kwenu. Melkior mwenyewe ndiye aliyemweleza tofauti. "Hapa Moshi watakufundisha kuendesha gari," alimwambia. "Kule Dar watakufundisha kuunda injini." Elinipendo alitaka injini. Alitaka kujua ni nini kinachotokea ndani ya lile sanduku kijana huyu anapobonyeza herufi moja na skrini nzima inabadilika, na alikuwa na alama za hesabu za kutosha kulitaka jambo hilo bila kuonekana anajidai.

Kwenye anuani ndipo alipofanya kosa. Sanduku la posta la familia lilikuwa la usharika, na barua za usharika husomwa majina Jumapili baada ya ibada, mbele ya mlango wa kanisa, watu wote wamesimama. Elinipendo alifikiria jina lake likiitwa, bahasha ikipita mkono kwa mkono, shangazi Anaeli akisema ifunguliwe hapo hapo tuone. Je, kama amekataliwa? Alimwambia Melkior aandike sanduku la duka. Funguo za sanduku hilo alikuwa nazo Melkior.

Agosti ilipita. Barua ya Moshi ilikuja, ya Dar haikuja. Wiki ya mwisho ya mwezi Elinipendo alikwenda dukani, akakaa kwenye ngazi za nyuma na kulia mpaka kwikwi zikamkaba. Melkior alikaa naye. Alimfuta machozi kwa leso yake, akamwambia, "Usijali mpenzi, hata Moshi kuna chuo." Basi akajipa moyo. Shangazi Anaeli alimshonea sketi ya bluu ya chuo. Masomo yalikuwa yaanze Jumatatu inayokuja.

Sasa tuendelee.

Elinipendo aliigeuza bahasha. Jina lake lilikuwa limepigwa chapa vizuri. Juu yake kulikuwa na muhuri wa posta ya Moshi, na tarehe yake ilisomeka bila taabu yoyote: 22 Agosti.

"Leo tarehe ngapi?" aliuliza. Alikuwa anaijua.

"Kumi na tatu."

Bahasha ilikuwa imekwisha kufunguliwa, kwa wembe, kwa uangalifu. Aliisoma barua akiwa amesimama. Wamefurahi kumjulisha. Shahada ya sayansi ya kompyuta. Athibitishe kwa maandishi kabla ya Ijumaa, tarehe kumi na tano, nafasi isije ikapewa mwingine. Aliisoma tena. Masikio yake yalikuwa yanavuma na sauti ya baba yake aliisikia kwa mbali.

"Ni nini hicho?"

"Nimechaguliwa, baba. Dar. Nilichaguliwa tangu mwezi uliopita."

Mzee Elisaria hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili. Alilitua beseni chini polepole. Alimwendea Melkior, akasimama juu yake, na kwa dakika nzima Elinipendo alidhani atampiga. Ngumi alikuwa ameikunja.

"Nilikukataa kwa sababu ya dini yako," mzee alisema. "Na kwa sababu babu zenu wa Kibosho walichoma nyumba za babu zetu. Niliona mwenyewe kabisa kwamba ni sababu za kizee. Mchungaji alinisema, nikaona haya. Kumbe sababu nzuri ilikuwepo, mimi tu sikuwa nimeijua."

"Ndiyo, mzee."

"Usiniitikie!"

Melkior akainamisha kichwa.

Mzee alimgeukia binti yake, na hasira ikamtoka usoni, ikabaki huruma. "Umeshalipokea, mae, mwanangu," alisema. "Limeingia nyumbani kwangu. Sitamgusa, na wewe huwezi kulirudisha. Isale halirudishwi. Nilikwambia uulize." Akalichukua beseni lake. "Nitakuwa bandani. Ongeeni. Nikisikia sauti ya kiume inapanda, nitasahau kama mimi ni Mchagga."

Walibaki wawili, na mashine ya kahawa katikati yao.

Elinipendo alitaka kupiga kelele. Alitaka kumtupia lile jani usoni, kumrarua lile shati jeupe, kumwita majina ambayo mabinti wa Kidia hawaruhusiwi kuyajua. Hakuweza. Mkononi mwake kulikuwa na isale alilolipokea akicheka, na hasira ilimpanda kifuani ikakosa pa kutokea.

"Umenitega," alisema.

"Sikukutega, Eli. Nilijua nikianza kusema kosa, nitaishiwa nguvu kabla sijakupa barua. Nilitaka kwanza nisamehewe kidogo, ndipo niweze."

"Siku ishirini na mbili!"

"Najua."

"Ulinifuta machozi, Melkior. Pale kwenye ngazi. Barua ilikuwa wapi?"

Melkior alichora mstari udongoni kwa kidole.

"Nimekuuliza, barua ilikuwa wapi?"

"Mfukoni," alisema. "Mfuko wa suruali. Ule ule niliotolea leso."

Elinipendo alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Hilo ndilo lililomkata maini. Barua peke yake angeweza kuielewa. Mtu anaogopa, anaficha, mapenzi yamewafanya watu mambo mabaya kuliko hayo. Lakini mkono ule ule uliogusa bahasha uligusa shavu lake, na alikuwa ameubusu.

"Kwa nini?" aliuliza.

Melkior alikaa chini kwenye udongo, suruali yake ya kazini na yote. "Mimi ni kitinda mimba, Eli. Unajua maana yake. Ndugu zangu wote wana viwanja vyao, Shirimatunda, Arusha, wapi. Kihamba cha baba, na migomba yake na nyumba yake, ni changu na mama ni wangu. Siwezi kuhama. Mama anasema msichana akishasomea Dar harudi kuchuma kahawa ya mkwe. Niliifungua ile barua nikasema, nitampa kesho. Kesho nikasema nitampa kesho."

"Mama yako ndiye aliyekwambia ufiche?"

"Hapana. Mama hajui lolote. Mama usimtie humu. Ni mimi."

"Na leo kwa nini umeileta? Ungeacha zipite siku mbili. Nafasi ingekwenda. Nisingejua mpaka nakufa."

"Ni kwa sababu ya jana," Melkior alisema. "Ulikuja dukani na daftari lako jipya. Ukaniambia labda mwalimu wako alikosea alama, labda wewe hesabu huzijui kweli, ulibahatisha tu. Ukaniuliza hivi, 'Au mimi ni mjinga, Melki, na watu wanaona haya kuniambia?' Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nikaona nitakuoa. Tutazaa. Watoto watakuja na hesabu zao za shule, utasema wampelekee baba, mama hajui. Miaka yote utajiona mjinga, na mimi ndiye pekee ninayejua kwamba siyo. Sikulala. Asubuhi nikakata isale mpakani kwetu nikaja."

Elinipendo alimtazama. Hiyo ndiyo taabu ya kumpenda mtu; hata anapokuchoma kisu unaona jinsi mkono wake unavyotetemeka, unamhurumia mkono. Alimpenda. Alimpenda saa ile ile kuliko alivyompenda Jumapili, na alijua kwa uhakika kabisa, kama mtu anavyojua jina lake, kwamba hatakuwa mke wake.

"Kuna basi la asubuhi," alisema. "Nikiondoka kesho nitafika jioni. Ijumaa asubuhi nitakuwa mlangoni kwao na barua yangu."

"Nilikwisha kukuwekea nafasi," Melkior alisema. "Kiti cha dirishani."

Kwa hilo Elinipendo alilia. Alilia bila sauti, na Melkior alinyanyuka akitaka kuja, mkono umekwisha ingia mfukoni kutafuta leso. Akaukumbuka mfuko ule. Akautoa mkono mtupu na kukaa tena chini.

"Nitakusubiri," alisema. "Miaka mitatu siyo mingi. Nitakuandikia kila wiki. Mama nitazungumza naye, na harusi tutafungia hapa Kidia, mbele ya baba yako, mimi nitageuka Mlutheri kesho kama..."

"Usigeuke kitu."

"Eli, umenisamehe. Umelipokea."

"Nimelipokea. Nimekusamehe, Melki, na siyo kwa mdomo. Siku tukikutana njiani nitakuamkia vizuri, nitamwuliza mama yako miguu inaendeleaje. Sitamwambia mtu yeyote habari ya barua, na baba hatasema. Lakini isale linaomba msamaha. Halioi."

"Mtu akisamehewa anarudi alipokuwa."

"Wewe umerudi. Mimi ndiye siwezi kurudi." Alijifuta uso kwa kiwiko, kwa sababu vidole vilikuwa bado vinanata. "Nitaishije na wewe? Ukichelewa kutoka mjini nitajiuliza umekuta nini posta. Ukinifariji nikifiwa, nitaangalia mfuko wako. Siyo kwamba nitataka. Nitaangalia tu. Mwisho utanichukia kwa kuangalia."

"Sitakuchukia."

"Basi mimi nitajichukia."

Kutoka bandani ng'ombe alilia, na Mzee Elisaria akakohoa kikohozi cha mtu anayetaka ajulikane yupo. Jua lilikuwa linashuka upande wa Kibosho. Melkior alisimama, akajipangusa udongo magotini, akachukua muda mrefu kuliko udongo wenyewe ulivyohitaji.

"Nikuulize kitu kimoja," alisema. "Kisha nitaondoka."

"Uliza."

"Ile tarehe ishirini na mbili. Ningepanda huku jioni ile ile nikakupa barua yako mkononi, haijafunguliwa. Ungefanyaje?"



Angefanyaje! Hilo alikuwa amelijua tangu mwezi wa saba, siku aliyokwenda Kibosho kwa mara ya kwanza na kumkuta Melkior mlangoni, suruali imekunjwa, anamwosha mama yake miguu iliyovimba kwenye beseni la maji ya moto, huku akimwimbia ili asisikie maumivu. Njiani kurudi alikuwa amekata shauri peke yake. Barua ya Dar ikija ataichukua, atamsomea Melkior kuanzia juu mpaka sahihi ya chini, amwone anavyohangaika kidogo, kisha ataikunja na kumwambia, nimechagua Moshi, nimekuchagua wewe. Alitaka tu awe na barua zote mbili mkononi. Alitaka amchague, siyo ambakie kwa kukosa. Kila alipomwuliza kama posta kuna kitu, alikuwa anaiulizia zawadi yake aliyotaka kumpa.

Angebaki. Kama angepewa jioni ile, angebaki, angekuwa wake mpaka kufa, na Dar angeisikia kwenye redio.

Melkior alikuwa anamtazama. Alikuwa amekonda ndani ya siku ishirini na mbili, Elinipendo hakuwa ameliona hilo mpaka sasa. Kola ya shati ilimpwaya. Alifikiria kijana huyu akirudi na ukweli huo Kibosho, akae nao kwenye kihamba asichoweza kukihama, akimwosha mama yake miguu kila jioni huku anajua. Aliliangalia jani lililokuwa bado mkononi mwake. Alikuwa amesema amemsamehe, na siyo kwa mdomo.

"Ningekwenda," alisema.

"Kweli?"

"Ningekwenda tu, Melki. Wewe mwenyewe unanijua. Nilitaka injini."

Alimwona akishusha pumzi, mabega yakilegea. Machozi yalimlenga Melkior, lakini usoni palikuwa pamepungua kitu kizito.

"Kwa hiyo ningekukosa tu," alisema.

"Ungenikosa tu."

"Basi," Melkior alisema. "Basi, afadhali." Akatikisa kichwa mara mbili tatu kama mtu anayejibiwa hesabu iliyomsumbua, akamnyoshea mkono, akaushika kwa nguvu ule wa Elinipendo wenye ute na jani na yote. "Soma sana, Eli."

"Msalimie mama."

Aliaga bandani kwa heshima, akajibiwa kwa kikohozi. Kisha akaishika njia ya migomba, anatembea haraka, mgongo umenyooka.

Mzee Elisaria alitoka bandani na ndoo ya maziwa. Alimkuta binti yake amesimama pale pale, anaitazama njia isiyo na mtu.

"Mmemalizana?" aliuliza kwa upole.

"Tumemalizana, baba."

"Na umemsamehe? Kweli kweli?"

Elinipendo alifungua mdomo kumjibu, na kilio alichokuwa amekizuia kikamtoka chote, kwa sauti, mpaka majirani wa ng'ambo ya mfereji wakatoka nje kuuliza ni nani amefariki.